Tuleteeni habari za halmashauri kabla ya kikao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni muda mrefu, nalo ni namna habari za halmashauri zetu za wilaya zinavyotufikia sisi tunaokaa mbali na makao makuu. Mimi ni fundi cherehani katika kijiji kimoja mkoani Ruvuma. Gazeti lako hunifikia jioni kwa basi linalotoka mjini, na halikai kwangu peke yangu. Likishasomwa pale kibandani linakwenda kwa mwalimu, linakwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, mpaka herufi zinafutika kwenye mikunjo. Kwa hiyo haya ninayoyaandika tumeyazungumza wengi, mimi nimeshika kalamu tu.

Ukurasa wa habari za mikoani ndio tunaouanza. Madiwani wamepitisha bajeti. Mkuu wa wilaya amezindua madarasa. Baraza limemwagiza mkurugenzi amfuatilie mkandarasi aliyetelekeza kazi. Vikundi vimekabidhiwa hundi za mikopo. Habari hizo tunazihitaji na sisemi mziache. Shida yangu ni kwamba zote zinatukuta jambo limeshaamuliwa. Sijapata kusoma humo kwamba Baraza la Madiwani la wilaya fulani litakaa tarehe fulani, kwenye ukumbi fulani, kujadili jambo fulani, na kwamba mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Sijapata kusoma kwamba mwezi huu vijiji vyote vinaandaa vipaumbele vya bajeti ijayo, kwa hiyo kila mtu aulize mkutano wa kijiji chake ni lini. Habari ya namna hiyo ndiyo inayomtoa mtu nyumbani.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini bajeti yenyewe huanza kupikwa mapema sana, kati ya Oktoba na Desemba, vijiji vinapoibua miradi yao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Orodha ya kijiji inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha inakwenda halmashauri. Baraza la Madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka, ndipo yanaposafiri kuelekea Bunge la bajeti, linaloanza Aprili na kumalizika Juni. Mtu anayesikia habari za bajeti redioni mwezi Juni, akadhani ndio wakati wa kupeleka shida ya kijiji chake, amechelewa zaidi ya nusu mwaka.

Sasa Oktoba na Novemba kwetu ni miezi ya kuandaa mashamba. Mvua za kwanza zimekaribia, na kaya nyingi za kitongoji cha ng'ambo ya mto zinahamia mashamba ya mbali. Watu wanalala kwenye vibanda hukohuko, na nyumbani wanabaki wazee na watoto wa shule. Mkutano wa kupanga vipaumbele ukatangazwa jioni, ufanyike kesho yake saa nne asubuhi. Bodaboda ilifungwa kipaza sauti ikazunguka upande huu wa mto, giza likaingia, ikarudi.

Waliokuja ni wanaokaa karibu na ofisi ya kijiji, mimi nikiwemo, maana kibanda changu kinatazamana nayo. Karatasi ya mahudhurio niliishika mwenyewe. Majina yalijaa pande zote mbili, lakini kwenye safu ya kitongoji jina lilikuwa lilelile kuanzia juu mpaka chini. Kipaumbele cha kwanza kikaandikwa ukarabati wa ofisi ya kijiji, cha pili vyoo vya soko. Boma la zahanati la ng'ambo, ambalo wenzetu walichangishana wakalifikisha usawa wa lenta, halikutajwa na mtu hata mmoja. Hakukuwa na hila. Watu wanasema shida wanayoiona kila siku, na waliokuwa na shida ya zahanati hawakuwepo kuisema.

Waliporudi kutoka mashambani wakamfuata diwani. Diwani akawatolea nakala ya muhtasari: kijiji chenu hakikuomba zahanati, someni wenyewe, sahihi ya mwenyekiti hii hapa na mhuri huu hapa. Na kweli alikuwa na hoja. Halmashauri haiwezi kukisia matakwa ya watu nje ya karatasi iliyopelekewa. Akina mama wajawazito wa upande ule bado wanavuka mto kufuata kliniki, na boma lao limeanza kuota majani ndani. Kwa kazi yangu naelewa jambo hili vizuri: nguo iliyokatwa mwenyewe hayupo wala vipimo vyake havikuchukuliwa haimkai, hata fundi awe hodari vipi.

Wapo watakaosema kosa ni la mtendaji wa kijiji. Mimi sitamrushia jiwe. Namwona anavyofanya kazi. Huyohuyo anasimamia michango, anaandika mihutasari, anapokea wageni wa wilayani, anaitwa kwenye ugomvi wa mipaka, tena kwa pikipiki yake na mafuta yake. Taarifa ya kwamba orodha ya vipaumbele inatakiwa haraka yeye mwenyewe aliipata kwa simu, siku zikiwa zimebaki chache. Wenyeviti wa vitongoji tuliowachagua Novemba 27, 2024 hawana mshahara, na nao wana mashamba kama sisi. Habari ikichelewa juu, huku chini inafika imeshachacha, na anayelaumiwa ni aliye karibu.

Nina mfano mwingine wa kutia moyo, nao ndio ulionipa nguvu ya kukuandikia. Shule yetu ya msingi iliwahi kupata fedha za kujenga madarasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kazi haipewi mkandarasi mkubwa, inafanywa na mafundi wa hapahapa na kusimamiwa na kamati za wananchi. Ndio utaratibu uliotumika hata mwaka 2021 kwenye yale madarasa 15,000 yaliyojengwa nchi nzima kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mwalimu mkuu wetu alifanya jambo moja dogo. Kabla ya mkutano wa kuchagua kamati, alibandika karatasi kwenye ubao wa shule, akatuma nakala kwenye kila kitongoji kwa kuwatumia wanafunzi. Karatasi ilisema fedha iliyoingia ni kiasi gani, inajenga nini, kamati ngapi zinatakiwa na kila moja itafanya kazi gani: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wiki mbili nzima watu waliisoma na kubishana barabarani. Siku ya mkutano walijaa mpaka wengine wakakaa chini ya mwembe nje ya uzio.

Mimi nilichaguliwa kamati ya mapokezi. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu na kukagua kila kinachoshushwa kabla ya kutia sahihi. Siku moja gari lilileta nondo jioni, dereva ana haraka ya kurudi mjini. Karatasi ya mzigo iliandikwa milimita 12. Fundi mkuu akachukua kipande kilichobaki kwenye msingi, akakilaza sambamba na nondo mpya juu ya benchi, akaniambia niguse. Hata kwa kidole nilisikia tofauti. Zilikuwa milimita 10. Tukakataa kutia sahihi. Dereva alilalamika, akapiga simu, akatupa simu tuongee na muuzaji, muuzaji akasema ni makosa ya wapakiaji wa ghalani. Inawezekana kabisa. Zilirudi, na zilizokuja baadaye zilikuwa sawa, ndizo zilizoingia kwenye lenta ya madarasa wanamosomea watoto wetu leo.

Sikuwa najua nondo kabla ya hapo. Nilijifunza kwa sababu niliambiwa mapema kwamba kuna kamati ya mapokezi, kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuingia, na kwamba sahihi yake ina uzito. Kitu kingine nilichokiona ni kwamba watu waliosoma ile karatasi walijitolea bila kusukumwa. Mawe na mchanga vilisombwa na wananchi, akina mama walijaza maji kwenye mapipa ya fundi, na hakuna aliyetishiwa mgambo. Mtu akijua fedha iliyopo inatosha mpaka wapi, na pengo lake liko wapi, mchango wake anauona unakwenda kwenye kitu.

Ndiyo maana nasema wilayani hakukosekani nafasi za wananchi kushiriki. Nafasi zipo nyingi, tena nyingine za kisheria. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wetu wanakumbuka halmashauri zilivyofutwa mwaka 1972, uamuzi ukahamia mkoani, mpaka sheria za mwaka 1982 zilipozirudisha. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Humo ndimo mapato na matumizi yanaposomwa. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, ina kamati za fedha na mipango, za huduma za jamii, za ulinzi na usalama. Nchi yetu ina halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000. Hebu fikiria, Mhariri, mikutano yote hiyo ya kila robo mwaka ingekuwa inatangazwa vizuri, ni watu wangapi wangekuwa ndani ya mambo yao wenyewe.

Kuhusu ardhi jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Maana yake ulinzi wa shamba la kijiji umewekwa mikononi mwa wale watakaohudhuria siku hiyo. Siku hizi watu wanatafuta ardhi huku kusini kwa ajili ya parachichi na miti ya mbao. Wengine wana nia nzuri na tunawakaribisha. Lakini mkutano wa jambo kubwa namna hiyo ukitangazwa jioni ufanyike asubuhi, ile idhini itatolewa na watu wachache, na wajukuu wetu ndio watakaouliza ilikuwaje. Kwa mkutano wenye ajenda ya ardhi mimi sioni kwa nini tangazo lisitoke wiki mbili kabla, likiwa limeandikwa ni eneo gani, ukubwa gani, na anayeomba ni nani.

Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba: asilimia nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Habari kwamba imesimamishwa, Aprili 2023, ilitufikia siku hiyohiyo, maana ilitangazwa kila mahali. Mikopo ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na hilo nalo tulilisikia. Lakini ni lini maombi yanapokelewa wilayani kwetu, yapelekwe kwa nani, na kikundi kiwe na karatasi gani mkononi, hapo ndipo kimya kilipotanda. Kikundi chetu cha mafundi cherehani kilipata habari kutoka kwa dereva wa bodaboda aliyempeleka abiria wilayani akaona foleni. Tulipokimbilia kwa ofisa maendeleo ya jamii, dirisha lilikuwa linafungwa keshokutwa yake. Akaunti ya benki tulikuwa nayo. Katiba ya kikundi ilikuwa haijapitishwa, na muhtasari wa kuomba mkopo unataka kikao cha wanachama wote, na wengine walikuwa msibani wilaya ya jirani. Cherehani za umeme tulizopanga kununua kwa ajili ya sare za shule zikabaki kwenye daftari. Tungeambiwa mwezi mmoja kabla tungekuwa tayari, na nina hakika vikundi vya aina yetu ni vingi.

Tena siku hizi mambo yamegawanyika na mwananchi hajui abishe mlango gani. Barabara za wilaya na vivuko viko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji vijijini ni RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, tangu 2019. Shule za msingi na zahanati bado ni halmashauri. Mtu anakwenda kwa mkurugenzi na shida ya kalavati, anaambiwa nenda TARURA. Anakwenda kwa mkuu wa wilaya na shida ya bomba, anaambiwa aanzie jumuiya ya watumia maji. Nauli imeliwa, siku imeliwa, anarudi akiapa hatatoka tena. Wapo hata wanaochanganya mkuu wa wilaya, anayeteuliwa na Rais, na mwenyekiti wa halmashauri, anayechaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji na katibu wa vikao. Sioni aibu kwa mwananchi kutojua hayo kama hakuna aliyemweleza. Gazeti lingeweza kueleza kidogokidogo, kila wiki mlango mmoja.

Najua hoja inayotolewa kila ninapolisema hili, kwamba wananchi hawaji mikutanoni hata wakitangaziwa. Ukweli wapo wasiokuja. Lakini naomba tuangalie wanakuja kwenye mikutano ya namna gani. Mkutano ulioitwa saa nne, ukaanza saa nane kwa sababu mgeni amechelewa, ukawa na hotuba ndefu na maswali mawili ya haraka, ukafungwa bila muhtasari wa mkutano uliopita kusomwa, mtu mwenye kibarua cha kutwa atauendea mara ngapi? Ule mkutano wa kamati za shule ulijaa kwa sababu ajenda ilijulikana na ilikuwa na kitu cha kuamua. Bibi mmoja wa ng'ambo, ambaye nilikuwa simjui, alisimama siku ile akauliza kwa nini choo cha wasichana hakimo kwenye mchoro. Mwalimu akasema hajui, ataulizia kwa mhandisi. Choo kikaongezwa. Bibi yule alikuwa ametembea tangu alfajiri kwa sababu mjukuu wake alimsomea karatasi.

Hoja nyingine ni ya simu: mambo yote sasa yako WhatsApp. Kundi la kijiji tunalo, na mimi nimo. Salamu za asubuhi, rambirambi, video za mahubiri, mtu anauza mbuzi, na katikati yake tangazo la mkutano limepita hulioni tena. Nusu ya wazee wanatumia simu za kitochi. Ng'ambo ya mto mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Sikatai simu, itumike, lakini karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, kwenye mashine ya kusaga, msikitini na kanisani, bado inasomwa na watu wengi zaidi huku kwetu. Na ukurasa wa gazeti una faida nyingine: una tarehe. Mtu akisema hatukutangaziwa, au kiongozi akisema tulitangaza, gazeti linatoa ushahidi.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni kona. Haihitaji ukurasa mzima. Kila wiki, au hata mara mbili kwa mwezi, mtutolee ratiba ya mabaraza ya madiwani katika wilaya mnazozifikia: tarehe, mahali, na mambo makubwa yatakayojadiliwa. Mabaraza hukaa kila robo mwaka, kwa hiyo tarehe zinajulikana mapema na ofisi za wakurugenzi zinaweza kuzitoa bila gharama yoyote. Mtukumbushe kwamba vikao vile viko wazi. Mwananchi haruhusiwi kuchangia, lakini anaruhusiwa kukaa kimya akasikiliza diwani wake anasema nini kuhusu kata yake. Mimi niliingia mara moja, nikapata kiti nyuma, nikamsikia diwani wetu akisoma taarifa ya kata. Alisoma kwamba zahanati zote za kata zinatoa huduma. Niliporudi nilimfuata kwake nyumbani, nikamwamkia, nikamwambia Mheshimiwa, ile ya ng'ambo ni boma, haina hata mlango. Alinishukuru, akasema taarifa aliletewa, ataisahihisha. Asingejua kama hakuna mtu wa kata yake aliyekuwa ukumbini.

Kwenye kona hiyohiyo mtuwekee habari za madirisha ya mikopo ya asilimia 10 yanapofunguliwa na karatasi zinazotakiwa. Mtuwekee pia siku ambazo madiwani wanakaa kujadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti ile ikitoka mnatupa mabilioni ya nchi nzima, lakini kila halmashauri ina hoja zake, na wananchi wa wilaya husika wangependa kujua ni mradi gani wa kwao umetajwa na majibu yamekuwa nini. Na mwaka ukifika Septemba kama sasa, mtutangazie kwa herufi kubwa kwamba vipaumbele vya bajeti vinaanza kukusanywa.

Wakurugenzi nao, kama mnasoma barua hii, naomba agizo moja liende kwa watendaji wa kata na vijiji: tangazo la Mkutano Mkuu litoke siku 14 kabla, liandikwe ajenda, libandikwe kila kitongoji na si ofisini peke yake. Katika vijiji vya wakulima mkutano wa Oktoba ufanyike Jumapili alasiri, watu wakishatoka ibadani, au ufanyike Septemba hii kabla hawajahamia mashambani. Na karatasi ya mahudhurio iangaliwe. Kama kitongoji kizima hakina hata jina moja, kata iirudishe orodha ya vipaumbele kijijini, wenzetu wasikilizwe kwanza.

Kwa wasomaji wenzangu ombi langu ni kwamba mkutano ujao, kabla ajenda mpya haijaanza, simameni mwombe muhtasari wa uliopita usomwe. Ni haki yenu, na hauchukui hata robo saa. Kwetu tulianza kuomba hivyo mwaka huu, na ndipo watu wengi walipojua kwa mara ya kwanza kwamba zahanati haikuwahi kuombwa.

Mkutano wetu wa vipaumbele safari hii tumemwomba mwenyekiti aufanye Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na amekubali. Matangazo nimeyaandika kwa mkono, nakala moja kwa kila kitongoji, na mtoto wa jirani ameshavuka mto na ya ng'ambo. Boma la zahanati ni ajenda ya kwanza. Kama kona hiyo itaanza, Mhariri, naahidi kila toleo litabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji asubuhi inayofuata, maana niko jirani nayo na gundi ninayo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi cherehani,
Ruvuma.